Mke wa Cheptoo

Cheptoo alipofariki pale Lumakanda, Cherotich alilia kilio cha mke aliyefiwa, na hakuna jirani aliyeshangaa. Mwaka wa themanini na sita, Cheptoo, mjane asiyejaliwa mtoto, alipeleka ng'ombe sita kwa kina Cherotich akamwoa, kama desturi ya Wanandi inavyomruhusu mwanamke wa hali yake. Si mambo ya kitandani, jamani! Ilikuwa ili nyumba isife. Mtoto ambaye Cherotich angezaa angekuwa wa Cheptoo, kwa jina na kwa shamba. Akazaliwa Kipchirchir. Wanawake hao wawili walipalilia mahindi pamoja, wakagombania redio, na siku zote Cherotich akamwita mwenzake "mzee wangu," kama mke amwitavyo mumewe.

Siku mbili kabla ya mazishi, Pasta Bramwel alikuja kukagua programu. Akaweka kidole penye neno "mke," kando ya jina la Cherotich.

"Hii siwezi kusoma kanisani. Watu watasema tunaleta ule uzungu wa wanawake kuoana."

Uzungu! Shamba lenyewe la Cheptoo zamani alilikalia mzungu, akajenga na kanisa hapo kando, akawafundisha vibarua wake kwamba ndoa ni ya aina moja tu, yake. Mzungu akaenda zake. Leo anayeyalinda mafundisho yake ni Bramwel, na desturi ya nyanya za watu ndiyo inaitwa uzungu. Dunia hii ina vituko!

Jirani yao Navalayo alishindwa kunyamaza. "Pasta, mimi ni Mluhya, lakini hao ng'ombe niliwaona wakipelekwa. Huyu ni bibi ya mtu."

Pasta akamgeuzia kisogo. Alimtazama Kipchirchir, ambaye sasa ni mwalimu na mzee wa kanisa.

"Tumzike sisi wenyewe," Cherotich akamsihi mwanawe. "Mzee wangu hatakataa."

"Na mimi nitaweka uso wapi, Mama? Ni neno tu." Akachukua kalamu, akalikata, akaandika: mfanyakazi wake wa miaka mingi.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kinauma namna gani ukiwa umekinyonyesha.

Siku ya mazishi viti vya mbele vilikuwa vya familia, naye Cherotich akaketi nyuma na akina mama wa jikoni. Wasifu ukasomwa. Lilipofika lile neno "mfanyakazi," Navalayo alimshika mkono, akaubana sana.

Jeneza likateremshwa. Kipchirchir akainama, akachota udongo, akasimama ukingoni akingoja kuitwa kwanza, kama mwana yeyote. Msimamizi wa shughuli, mgeni aliyetumwa na kanisa, asiyejua zaidi ya kilichoandikwa, akaisoma karatasi yake.

"Kwa kuwa marehemu hakuolewa tena wala hakujaliwa mtoto, tunaomba watoto wa ndugu zake watangulie."

Wapwa wakasogea. Kipchirchir akabaki pale na udongo mkononi, akigeuka huku na huku, macho yakimtafuta mama yake katikati ya watu. Cherotich alikwisha kufika kando yake. Akamkunjua vidole taratibu, udongo ukamwagika kwenye nyasi.

"Twende nyuma, mwanangu," akamwambia. "Mtoto wa mfanyakazi haitwi."

Kisha akapiga magoti hapo hapo, akalia akiliambia kaburi: "Mzee wangu, nisamehe. Nilikuzalia mtoto, nikakupa. Leo wamekuzika tasa."