Kiti Kimoja cha Wageni Sokoni

Mimi sikusoma. Darasa la tatu liliniona, la nne halikuniona. Lakini kabla sijafika miaka thelathini nilikuwa na vyerehani vitatu katika soko la Kisugu, huku kwa Waganda, na nusu ya suruali zilizopita barabara ile zilitoka kwenye mguu wangu huu. Kutoka Kongo nilikuja na mkasi tu. Sasa niambie, katika wageni wote wa soko letu, nani alistahili kiti kuliko mimi?

Kiti chenyewe kilikuwa cha kamati ya soko. Kamati ndiyo iliyogawa meza zilizo chini ya paa, na sisi Wakongomani, pamoja na wenzetu wa Kenya, hatukuwa na mtu ndani yake. Mikutano ilikuwa ya Kiganda; wengine walipopiga makofi nasi tukapiga. Lakini zama zile jeshi ndilo lililoshika kila kitu, na sajini aliyeletwa kusimamia uchaguzi hakujua Kiganda. Akaamuru Kiswahili. Tulimwogopa hata kukohoa, ila kwa mara ya kwanza tulielewa kila neno, tukaona kwamba tukiungana, kile kiti kimoja kilichokuwa wazi ni chetu.

Kumbe wenzangu walishapata mtu wao. Mjane mmoja, muuza unga wa muhogo, mama aliyepanga mafungu yake chini, hana hata kibao! Alikuwa amepita kwa kila mgeni akiuliza anataka lisemwe jambo gani. Hata kwangu alifika.

"Fundi, na wewe una neno gani?"

"La kwangu nitalisema mwenyewe."

"Haya, basi ulipige pasi kwanza."

Watu wakacheka. Kicheko kile kilinifuata wiki nzima. Kila nikiinua kichwa kwenye cherehani, namwona mtu kainama kwake, anamnong'oneza. Mimi waliniletea zipu mbovu. Yeye walimletea shida zao. Nikajiandikisha nami nigombee.

Uchaguzi ulikuwa wa kupanga mstari. Sisi wagombea watatu, mwenye bucha ambaye ni mwenyeji, yule mama, na mimi, tulisimama tumeelekea meza ya sajini, watu wakajipanga migongoni mwetu.

"Kila mtu nyuma ya mtu yake!" sajini akapaza sauti. "Wewe ya mbele, hapana kugeuka!"

Sikugeuka. Lakini masikio hayazuiliki. Nilisikia miguu ikienda kulia kwa mwenye bucha, miguu mingi. Nikasikia kandambili zikienda kushoto kwa mama, nyingi pia. Nyuma yangu kimya. Halafu mke wangu akaninong'oneza, "Baba watoto, tuko saba."

"Saba wapi?"

"Saba hawa, na mmoja wao anangoja suruali yake tu. Mama na mwenye bucha wanakaribiana. Twende tumwongeze mama, kiti kisitupite."

Sajini akasema anayetaka kuhama ahame sasa, kabla hajahesabu. Nilikuwa na nafasi. Hatua tano tu. Nikawaza nitakavyosimama nyuma ya kisogo cha yule mama mimi, mwenye vyerehani vitatu, soko zima likitazama.

"Nenda wewe," nikamwambia mke wangu.

Akaenda kweli, na wawili wakamfuata. Waliobaki nyuma yangu wanne. Mwenye bucha akamshinda mama kwa watu watatu.

Hakuna aliyehitaji kusoma ili aipige hesabu hiyo.

Kamati ilipogawa meza, wageni wote tulitolewa nje ya paa, kando ya mtaro. Vyerehani vyangu vikatua kwenye tope, jirani na yule mama. Nilingoja anitukane, ningejua la kumjibu. Hakunitukana. Watu walizidi kumjia, sasa hata wenyeji, naye akawa anakwenda kusimama mlangoni mwa kamati kutusemea bila kiti. Mimi wakinipita: "Fundi, mama yuko?"

Mvua ya kwanza ilipotukuta, alikimbia na turubai aliloazima, akafunika unga wake, kisha akavuta pembe moja ikafika kwenye vyerehani vyangu.

"Shika huku, fundi."

Nikashika. Nikamwambia turubai lenyewe linavuja.