Vipimo vya Alhamisi

Mpima maji wa darajani hufuta miwani kwa pindo la shati, akasoma kipimo, akakitamka kwa sauti ndipo akiandike. Mtaalamu wa takwimu alikuwa amesafiri kuja kumfundisha kazi, maana programu yake ya akili bandia ilikuwa ikivitupa vipimo vyote vya Alhamisi, ikidai mzee huyo mpimaji anakosea. Naye mtaalamu alikuwa akiikubalia tu. Kumbe kila Alhamisi kiwanda kimoja cha upande wa juu wa mto kilimwaga uchafu majini. Mtaalamu aliliona povu kwa macho yake, akaviona na vidole vya mzee vilivyobabuka.

“Miaka miwili nawaandikia vipimo, mwanangu,” mzee alisema kwa upole. “Vilikuwa vinafika lakini?”

“Vilifika, baba,” alijibu, haya zimemjaa, asithubutu kumtazama.

Mzee akamshukuru.