Habari Ambayo Msusi Hakuitoa

Wateja walimwita Redio, naye hakukasirika. Mwanamke aliyeingia saluni kwake na nywele timtim alitoka na misuko iliyonyooka, pamoja na habari za mtaa mzima: nani kahama, nani kaposwa, nani kanunua makochi mapya. Mdomo wake ulikwenda sambamba na vidole.

Lakini sasa alikuwa na habari yake mwenyewe, na aliing'ang'ania kama alivyong'ang'ania vibanio kwa meno. Alikuwa na mimba. Ile ya kwanza aliitangaza siku ileile aliyoijua; ilipoharibika, kila mteja aliingia akiuliza, "Mtoto hajambo huko tumboni?" naye ikambidi ajibu upya, kichwa baada ya kichwa, kitana mkononi. Safari hii aliapa kunyamaza mpaka tumbo lijisemee lenyewe. Mumewe alicheka. "Wewe? Utapasuka kabla hujazaa!"

Ijumaa akaja kusuka wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Redio akagawa nywele, akaanza. Kimya. Furaha ilikuwa ikimchemka kuanzia nyayoni, akaibania midomoni. Ila msusi hana pa kuuficha uso, maana yeye na mteja wanatazama kioo kimoja.

"Leo Redio haina betri?" akauliza muuza mitumba aliyekuwa akisubiri zamu yake.

"Koo linaniwasha, shoga."

"Koo gani hilo linalochekacheka?"

Wifi akainua macho. Akaliona lile tabasamu kiooni, akauona na mkono ulioacha rasta ukaenda kutulia tumboni. Redio akaurudisha mkono kwenye rasta upesi. Nimekwisha, akawaza.

"Mwache wifi yangu," wifi akasema bila kugeuza shingo. "Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze. Kichwa kinanigonga."

Kisha, chini ya kitambaa alichofungwa shingoni, mkono wake ukapenya, ukamtafuta Redio, ukamfinya kiganja kwa nguvu.

Redio akaangua kicheko mpaka kitana kikamponyoka.

"Kuna nini?" Muuza mitumba akasogeza kiti. "Tumegee basi na sisi!"

"Simegi."

Jibu hilo lilikuwa halijawahi kusikika saluni humo. Wifi akavuta taulo akajifunika uso, mabega yakimtikisika kwa kicheko.