Madam wangu alidhani sukari ya mimba iliondoka na mimba

Wakuu, na dada zangu mnaosoma kimyakimya kama mimi, hamjambo?

Huwa napita humu, nasoma, naondoka. Ila juzi nimeona mtu kaandika kwamba sukari ya mimba si ugonjwa, ukijifungua imekwisha, na watu wakam-like. Nikasema hapana, hili lazima nilieleze. Yamenitokea mwenyewe, nilichobadilisha ni majina tu.

Kwetu Singida. Nipo Dubai tangu 2012, kazi za ndani. Familia ya kwanza tuiache, ilikuwa mtihani. Ya pili ni mume na mke kutoka Mexico, wanaishi Oud Metha. Sir yuko kampuni ya mizigo kule Airport Freezone, kila mara safarini. Madam nimwite Lusia.

Niliwapenda siku ya kwanza tu. Wanakula maharage na mahindi! Nilikuja nikiogopa vyakula vya watu, nikakuta mama anakanda unga wa mahindi, anachoma vichapati vyembamba, na sufuria ya maharage pembeni. Nilicheka peke yangu jikoni.

Mimba yake ilipofika miezi sita, kliniki wakamnywesha yale maji matamu, wakampima damu. Sukari ya mimba. Alirudi analia. Mama yake kule Mexico amekatwa mguu kwa kisukari, na shangazi zake wawili wanajichoma insulini.

"Neema, nisaidie," akaniambia. "Mimi nikiona mkate siwezi kujizuia."

Tukapambana. Soda zikatoka kwenye friji. Vichapati vikapungua, mboga zikaongezeka. Jioni jua likipoa tunazunguka mitaa, yeye na tumbo lake, mimi na chupa ya maji. Akishakula anajitoboa kidole, namba tunaisubiri wote kama matokeo ya darasa la saba, hahaha.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike, Sofia. Sukari ikashuka. Daktari akasema rudi baada ya wiki sita upime tena.

Hakurudi.

Si kwamba hajasoma. Mtoto halali, sir hayupo, matiti yanauma. Nilimkumbusha mara moja, akasema, "Khalas, Neema, ilikuwa ya mimba, imeondoka." Nikanyamaza. Kunyamaza kule kunanisumbua mpaka leo.

Soda zikarudi kwenye friji. Matembezi yakafa.

Sofia alipofika miaka mitatu nikaanza kuona mambo. Madam anamaliza jagi zima la maji kabla ya saa sita mchana. Anaamka kachoka. Mtoto akimletea kitabu, anakisogeza mbali, anakirudisha karibu, mwisho ananipa mimi. "Msomee wewe, leo macho yangu hayako sawa." Na Kiingereza changu hiki cha kuungaunga, mtoto ananicheka.

Siku moja nakunja nguo, nikajikaza.

"Madam, samahani. Hii kiu na haya macho, naomba ukapime sukari."

Akabadilika uso. "Umekuwa daktari sasa?"

"Hapana, madam."

"Basi malizia nguo."

Mliofanya kazi hizi mnanielewa. Visa yangu iko kwa sir, wanangu wawili wako shule Singida. Siku nne tuliongea ya lazima tu. Kila simu ya sir ikiita nawaza, leo ndiyo napandishwa ndege.

Lakini ile hasira nilijua ni woga. Nilishamwona akiongea na mama yake kwa video, mama yuko kwenye kiti cha magurudumu. Simu ikikatika madam anaingia bafuni, anatoka macho mekundu. Mtu wa hivyo humsaidii kwa kumtisha.

Siku ya tano nikaenda kivingine.

Mtoto wangu wa pili alizaliwa na kilo nne na nusu. Manesi walimwita mheshimiwa. Mimi hakuna aliyenipima sukari. Wakati wa mimba ya madam, nesi wa kliniki aliniambia mtoto mkubwa vile, huenda mama alikuwa na sukari bila kujua. Sikulifuatilia.

Nikamwambia, "Madam, naomba unipeleke mimi nikapime. Naogopa kwenda peke yangu."

Niseme ukweli. Nilipoanza kuongea nilikuwa namtega. Nilipomaliza nilikuwa naogopa kwelikweli.

Akaniangalia weee. Kisha akasema, "Yalla, vaa viatu."

Kliniki, nesi wa Kifilipino akanitoboa kidole, akaandika. Nikanyanyuka. Madam akakaa pale nilipotoka, akanyoosha mkono bila kuambiwa na mtu.

"Na mimi."

Namba ilipotokea nesi akaenda kumwita daktari. Wakatutoa damu ya maabara wote wawili. Majibu yakaja kesho yake. Madam ana kisukari, na hakikuanza jana. Mimi niko mpakani, sukari imepanda ila haijafika kuwa kisukari.

Daktari, mama mtu mzima wa Kihindi, akatueleza taratibu. Aliyewahi kupata sukari ya mimba anabaki kwenye hatari ya kisukari cha kudumu miaka ya mbele, hata kama ilishuka alipojifungua. Wanawake wa kwao madam, wa Amerika ya Kilatini, hatari yao iko juu, na ukoo wake nao ndio huo. Kwa hiyo anapima baada ya kujifungua, halafu anaendelea kupima kila baada ya muda, hata akijiona mzima.

Madam akauliza moja tu. "Ningerudi ile wiki ya sita, nisingeugua?"

"Labda," daktari akasema. "Labda ungechelewa kuugua. Siwezi kujua. Lakini umekuja ukiwa na macho yako na miguu yako, hiyo tutailinda."

Kwenye lifti akanishika mkono.

"Nilijua, Neema. Tangu Ramadhani nilijua. Sikutaka mtu aniambie."

Tukalia wote wawili. Mlango ukafunguka, mzee mmoja wa Kiarabu akatuona tulivyo, akasema tu "maalesh", yaani poleni, akarudi nyuma kusubiri lifti nyingine.

Sasa ni 2018. Madam anameza vidonge, macho yalitulia baada ya wiki kadhaa, kitabu anamsomea mwanae mwenyewe. Mimi nimerudi chini ya mpaka, napimwa kila mwaka. Mdogo wake madam kule Mexico, ambaye mimba zote mbili alipata sukari, alipigiwa simu siku ileile. Alikuwa hajapima hata mara moja tangu ajifungue. Naye wamemkuta mpakani, na kwake wamewahi.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kujua anaumwa na bado akahitaji mwenzake wa kwenda naye. Wanaume wa humu, kama mkeo aliwahi kuambiwa ana sukari ya mimba, muulize alipima lini mara ya mwisho. Muulize kwa upole, na ukiona anasita, mwambie mnakwenda wote.

Mliopitia haya, wekeni yenu hapa chini, hata mistari miwili. Manesi na madaktari, nilipokosea nisahihisheni, sitanuna. Nitasoma zote, ila kujibu ni Ijumaa, ndiyo siku yangu ya kupumzika.