Joto la Kwendea Njombe

Juzi kwenye yadi ya magari Kinondoni, muuzaji alikuwa anamwonesha mwalimu mmoja magari mawili ya umeme. "Mwalimu, hili lina kifaa cha kupasha joto ndani, na hakili chaji sana. Lile halina, ndiyo maana nafuu."

Mwalimu akajifuta jasho. "Joto tena? Dar hii?"

Mkewe akamkata jicho. "Na Julai tukienda kwenye baridi ya Njombe kwa mama?"

Mwalimu akamgeukia muuzaji. "Chaji yenyewe inatufikisha wapi?"

Muuzaji akakuna kichwa. "Mikumi."

"Mbugani? Kwenye simba?" Mkewe akakumbatia pochi.

Mwalimu akafikiri. "Basi tupe lenye joto. Tutalala humo humo."

Sie wa bara hununua gari kwa ajili ya safari moja ya mwaka. Nilitaka kucheka, ila na mie nilikuwa mteja, na kwetu Makambako, huko huko Njombe.