Ripoti Kumi na Tatu za Bi Wiebusch

Kama hujawahi kugombana na Bi Gundula Wiebusch, basi hujawahi kufanya kazi kwetu. Mimi nimekaa meza ya mkabala naye miaka kumi na tisa, nikitazama mgongo wa mashine yake ya faksi, na nimegombana naye kwa sababu ya dirisha, maua, kikombe changu na, mara mbili, namna ninavyopumua. Kwa hiyo nikisema nampenda yule mama, jua nimelifikiria.

Kwetu ni kiwandani kwa Terbrüggen, karibu na Münster, tunatengeneza mipira ya kuzibia mabomba. Bi Wiebusch ndiye anayeshika oda. Alianza kazi akiwa msichana, sasa imebaki miaka miwili astaafu, na muda wote huo hajatuma karatasi hata moja bila kusubiri ile ripoti ndogo inayotoka kwenye mashine baadaye. Huibana nyuma ya karatasi yake, hupiga mhuri wa tarehe, huitia kwenye faili. Kabati tatu zimejaa. Ripoti ikisema imefika, imefika, hata mpokeaji aape kwa jina la mama yake. Ikisema haikufika, haikufika. Mwaka juzi mteja mmoja alisimama mbele yake na barua yetu mkononi, naye akamwambia haiwezekani awe nayo.

Basi Bwana Terbrüggen mdogo, aliyerithi kiwanda kwa baba yake, akaamua simu zote zipite kwenye mtandao wa kompyuta. Simu zikahama salama. Faksi ikagoma. Bosi akatoa hukumu: kama hadi Ijumaa saa sita mchana haijakubali, inaenda jalalani. Bi Wiebusch akajibu, kwa upole uliotutisha, kwamba mashine ikitoka, yeye naye atabeba kiti chake na kuifuata. Hakuwa anatania. Miaka miwili tu kabla ya pensheni, na kichwa kigumu namna ile!

Alhamisi asubuhi akaletwa fundi, Bwana Sönke Quast, mtu mrefu wa kaskazini asiye na maneno mengi. Nilimchokonoa mpaka akanieleza. Mtandao wa simu umetengenezwa kwa ajili ya midomo ya watu. Unaichukua sauti, unaikata vipande, unaibana, na penye kimya hautumi kitu, maana binadamu akinyamaza hakuna hasara. Lakini faksi haiongei, inapiga miluzi, na kila mluzi una maana yake. Ukiubana kidogo tu, upande wa pili unasikia upuuzi. Akaanza kazi: akaondoa ule ubanaji, akapunguza kasi ya mashine, akaunganisha kisanduku cha kutafsiri miluzi. Kisha akaomba karatasi ya majaribio.

Hapo ndipo Bi Wiebusch alipotuponza. Karatasi ya upuuzi hatumi, alisema, kwa sababu upande wa pili kuna mtu anayeisoma. Ikabidi itumwe karatasi ya kweli. Na siku ya Alhamisi karatasi ya kweli ni moja tu: oda ya kifungua kinywa cha Ijumaa kwenda bucha la Schürmann. Mikate midogo arobaini, imepakwa nyama mbichi ya nguruwe iliyosagwa, vitunguu juu. Kila Ijumaa saa tatu kiwanda kizima hula hivyo, na anayetaka kuona maandamano atunyime.

Fundi akatuma. Ripoti ikasema imeshindikana. Akabadilisha kitu kwenye kompyuta yake, akatuma tena. Imeshindikana. Kila mara Bi Wiebusch aliichukua ripoti, akaibana, akapiga mhuri. Mimi nikauliza kwa nini tusiwapigie simu tu pale buchani, tujue kama kuna chochote kilichofika. Wote wawili wakanitazama kama mtu aliyevua viatu kanisani.

"Irmtraud," Bi Wiebusch akasema, "ripoti hii hapa. Sasa yule mama wa bucha unataka ukamuulize nini?"

Kufika saa kumi jioni ripoti zilikuwa kumi na tatu, na shati la Bwana Quast lilikuwa limelowa mgongoni. Muda wa kazi ukaisha, akaenda zake. Bi Wiebusch akatoa kitambaa chake cha miwani, akaanza kuifuta vumbi mashine, polepole, pembe kwa pembe. Nilijifanya natafuta kalamu chini ya meza, maana machozi yalikuwa yananilengalenga.

Ijumaa saa tatu kasorobo gari la bucha likaingia uani kinyumenyume. La pili likafuata. Bi Ottilie Schürmann, mwenye bucha, akashuka akiwa na macho mekundu ya mtu aliyekata vitunguu tangu alfajiri, akaanza kushusha sinia. Mikate mia tano na ishirini. Bosi aliteremka ngazi akauliza ni harusi ya nani.

"Oda kumi na tatu," akasema Bi Schürmann, akimpungia karatasi. "Zinasomeka vizuri kuliko miaka yote. Nilishangaa kidogo, lakini karatasi ni karatasi."

Bosi akatabasamu taratibu, akamgeukia Bi Wiebusch.

"Na ripoti zetu zinasemaje?"

Sote tuliuona mtego. Ripoti zikiwa za kweli, hatukuagiza kitu, mama wa watu arudi na mikate yake, na mashine imekufa. Zikiwa za uongo, mashine ni nzima, lakini mikate yote ni yetu, na nyama ile haifai kulala. Tena kabati tatu za mafaili zinabaki kuwa karatasi za kufungia samaki. Bi Wiebusch alizishika zile ripoti kwa mikono miwili. Nilitamani kumsaidia na sikujua vipi.

"Zimekosea," akasema.

Bwana Quast, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia na begi lake, alisimama palepale mlangoni. Kisha akajipiga kofi la paji la uso. Kumbe karatasi ilikuwa inafika yote. Ila upande wa pili hunyamaza kidogo kabla ya kujibu kwamba umepokea, na mtandao, ukidhani maongezi yamekwisha, ulikuwa unaufunga mlango na jibu linabaki nje. Akaizima tabia hiyo ya kufunga penye kimya. Ilimchukua dakika nne.

Akaomba karatasi ya majaribio. Bosi akawahi kusema isiwe ile.

Bi Wiebusch akaandika kwa mkono: Tumepokea yote. Tafadhali msilete tena. Akaituma buchani. Mashine ikapiga miluzi, ikanyamaza, sisi roho juu, halafu ikatema ripoti: imefika. Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Bosi akatazama saa yake, akauma mkate, akasema haya, ibaki.

Tukala. Wazima moto wa kujitolea wakaitwa, na kwaya ya kanisa ikaja bila kuitwa. Mimi nilikula saba, na mpaka leo nikiona kitunguu nageuza uso.

Mchana nilimkuta Bi Wiebusch mezani kwake, zile ripoti kumi na tatu zimepangwa mbele yake. Nikamwambia azitupe basi, si amekiri mwenyewe kwamba zimekosea. Akanitazama kwa jicho lilelile la jana. Akachukua kalamu, na kwenye kila moja, chini ya neno imeshindikana, akaandika kwa mwandiko wake wa shule: "Imefika. Imeliwa. G. Wiebusch." Akapiga mhuri wa tarehe, akazitia kwenye faili.