Sheria ya Verna

Ilikuwa mwaka wa themanini na tatu. La, nakosea, themanini na nne, maana bwawa la shule yetu hapa Minnesota lilikuwa limeshapata paa jipya. Verna Lindahl, mpishi wa shule, ndiye aliyewapanga wazazi wa kushika saa za kupimia waogeleaji siku za mashindano. Zamani kila mzazi alisimama mwisho wa njia anayoogelea mwanawe, akashangilia mpaka akasahau kubonyeza saa. Verna akakataza: hakuna kumpimia wako.

Siku hiyo mwanawe Karsten, ambaye hakuwa amewahi kushinda, alikuwa anaogelea kwa mara ya mwisho kabla ya kumaliza shule. Verna alikuwa anapimia njia ya pembeni kabisa, mbali na ya Karsten.

"Bi Verna, tubadilishane leo tu," nikamwambia, maana njia ya Karsten ilikuwa yangu.

"Orville, nikibadilisha mimi, nani atanisikiliza tena? Shika saa yako, acha porojo!"

Ghafla ukumbi ukalipuka kwa kelele. Karsten kashinda! Verna alikuwa ameinama, macho kwenye ukuta, anamsubiri mtoto wa watu aliyeshika mkia. Alipoinuka, Karsten alishatoka majini.

Nimemuuliza mara nyingi, naye hunimiminia kahawa tu: Verna, ulipozisikia zile kelele, ulijua ni za mwanao?